Kuhamia spektromita ya tungamo ya kampuni nyingine: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya ni kwa wachambuzi wa maabara za chakula na malisho waliozoea LC-MS/MS (kromatografia ya kimiminika iliyounganishwa na spektromita ya tungamo ya hatua mbili) ya kampuni moja na sasa wanaletewa ya kampuni nyingine. Mifano mingi ni ya sumukuvu (sumu zinazotengenezwa na kuvu, hasa aflatoksini) kwenye mahindi, kwa kuwa ndiyo kazi isiyokauka katika maabara za Afrika Mashariki. Anayepima masalia ya viuatilifu, dawa za mifugo au dawa kwenye damu atakutana na mambo yaleyale.

Tuna mbinu iliyokwisha hakikiwa. Je, tunaweza kunakili mipangilio yote kwenye mashine mpya?

Hapana. Kinachohama ni kemia: ioni mama (molekuli nzima yenye chaji), ioni binti (vipande vyake ikivunjwa), kolamu, viyeyusho, namna ya kuandaa sampuli na vigezo vya ubora mlivyojiwekea. Aflatoksini B1 iliyobeba protoni itakuwa na m/z (tungamo kwa chaji) 313 kwenye mashine ya kampuni yoyote, na itavunjika kuwa 285 na 241 kwenye mashine yoyote. Volti, joto na mtiririko wa gesi ni mali ya mashine. Viacheni huko mlikovitoa.

Majina ya vitufe ndiyo yanayochanganya watu wa mwanzo. Volti inayoingiza ioni kwenye vakyumu na kuzivua molekuli za kiyeyusho, SCIEX wanaiita DP, Waters wanaiita volti ya koni, Agilent wanaiita Fragmentor. Zote zinafanya kazi inayofanana, lakini 80 ya huku si 80 ya kule, kwa sababu umbo la mlango, shinikizo na umbali kati ya sahani havifanani. Vipimo vya gesi navyo ni hivyohivyo: SCIEX huandika GS1 na GS2 kwa psi, Waters huandika gesi ya kukaushia kwa lita kwa saa, Agilent huandika lita kwa dakika, na kwenye TSQ za Thermo utakuta vizio visivyo na jina kabisa. Hakuna jedwali la kugeuza moja kuwa nyingine, na mtu akikuletea usilitegemee.

Kuna mtego mdogo wa alama ya kutoa. Kwenye programu ya Shimadzu, nishati ya mgongano (volti inayosukuma ioni mama igonge gesi na kuvunjika) kwa ioni chanya huandikwa kwa namba hasi. Kwenye Analyst ya SCIEX, namba hasi hutumika kwa ioni hasi. Agilent na Waters huandika namba chanya wakati wote. Anayehamisha orodha ya viuatilifu 200 kwa kunakili safu ya Excel aanze kwa kuangalia alama hiyo.

Basi nishati ya mgongano tuipateje?

Anza na gesi. SCIEX na Agilent hutumia nitrojeni kwenye chumba cha mgongano. Waters, Thermo na Shimadzu kwa kawaida hutumia argoni. Argoni ni nzito zaidi (40 dhidi ya 28), kwa hiyo kila mgongano hupeleka nishati kubwa zaidi ndani ya molekuli. Kanuni ni kuzidisha nishati uliyoweka kwa uzito wa gesi uliogawanywa kwa jumla ya uzito wa gesi na wa ioni.

Tuchukue aflatoksini B1 yenye 313. Kwa nitrojeni, 28 gawanya kwa 341 ni 0.082, ukiweka volti 30 unapata takriban 2.5. Kwa argoni, 40 gawanya kwa 353 ni 0.113, kwa hiyo 2.5 hiyohiyo unaipata kwa volti 22 hivi. Ndiyo maana aliyetoka kwenye nitrojeni akaingia argoni na namba zake za zamani huona ioni binti kubwa imefifia na vipande vidogo vimejaa.

Hesabu hiyo inakupa mahali pa kuanzia tu, maana urefu wa chumba na shinikizo lake vinabadilisha mambo. Kazi yenyewe ifanyike hivi: weka kiyeyusho chenye aflatoksini kwenye sirinji, kisukume kwa mikrolita 5 hadi 10 kwa dakika, kikutane kwenye kiungo cha T na kiyeyusho cha kolamu kinachotiririka kwa kasi mnayotumia kila siku, chenye mchanganyiko uleule wa maji na methanoli unaokuwepo aflatoksini inapotoka. Kisha panda volti 2 au 3 kwa kila hatua, chora, na uchague kilele cha mchoro. Ukisukuma sirinji peke yake bila kiyeyusho cha kolamu, chanzo cha ioni kitakuwa katika hali ambayo sampuli zako hazitaikuta kamwe, na namba utakazopata hazitakusaidia. Aflatoksini husababisha saratani kwa binadamu. Glavu, chemba ya kuvuta hewa na hipokloraiti ya kusafishia viwepo kabla hujafungua kichupa.

Programu zinazofanya kazi hii zenyewe zipo kwa kila kampuni na ni nzuri. Tazama tu walichochagua kabla ya kukubali, kwani mara nyingine huchagua ioni binti iliyotokana na kupoteza maji. Ioni ya namna hiyo huwa na nguvu, lakini si ya pekee, na kwenye sampuli ya mahindi au karanga itakuletea vilele vya wageni.

Eneo la kilele limeshuka kutoka milioni mbili hadi elfu arobaini. Mashine mpya ni mbovu?

Haimaanishi hivyo. Kila kampuni huhesabu ioni kwa njia yake na kuandika kwa kizio chake. Hata uwiano wa ishara kwa kelele unaotangazwa kwenye vipeperushi, mara nyingi kwa pikogramu 1 ya reserpini (609 kwenda 195), haulinganishiki moja kwa moja, kwa kuwa kuna wanaopima kelele kutoka kilele hadi bonde na wanaotumia mzizi wa wastani wa mraba. Sehemu ya kelele inayochaguliwa nayo hubadilisha jibu.

Linganisheni kwa jambo mnalolihitaji kazini. Chukua unga wa mahindi safi, uongeze aflatoksini B1 kwa kiwango cha kikomo chenu cha upimaji (kiwango kidogo kabisa mnachoweza kupima kwa uhakika), andaa sampuli angalau tano tofauti, pima zote. Wastani wa urejeshaji ukiwa kati ya asilimia 70 na 120 na mtawanyiko usizidi asilimia 20, mashine inafanya kazi yenu. Hivyo ni vigezo vya mwongozo wa SANTE wa Umoja wa Ulaya kwa viuatilifu, na maabara nyingi huvichukua kama kipimo cha jumla. Sumukuvu zina vigezo vyake kwenye kanuni, fuateni mnavyobanwa navyo.

Mbona tunaona 335 kubwa kuliko 313?

Hiyo ni aflatoksini B1 iliyobeba sodiamu badala ya protoni. Haivunjiki vizuri, kwa hiyo kila molekuli inayokwenda huko imepotea kwenye kipimo. Chanzo cha ioni cha kampuni nyingine kinaweza kupendelea sodiamu kuliko kile mlichozoea, kutokana na joto, mwelekeo wa pua ya kupulizia na volti yake. Ongezeni amoniamu fometi au amoniamu asetati kwenye kiyeyusho, achaneni na chupa za kioo zilizooshwa kwa sabuni ya maabara, kisha rekebisheni joto na volti.

Jambo linaloshabihiana nalo: volti ya koni au Fragmentor ikiwa juu mno, ioni mama huvunjika kabla ya kufika kwadrupoli (kichujio cha ioni) ya kwanza. Utaiona 285 ikiwa imejaa hata kwenye skani ya kawaida ambako hujaomba mgongano wowote. Shusha.

Muda wa sumu kutoka kwenye kolamu umebadilika ingawa kolamu ni ileile. Tatizo liko wapi?

Mara nyingi liko kwenye pampu. Wanunuzi husahau kwamba spektromita mpya huja na kromatografu ya kampuni hiyohiyo, na hapo ndipo siku nyingi zaidi hupotea kuliko kwenye ioni zenyewe. Kila pampu ina ujazo kati ya mahali viyeyusho vinapochanganyika na kichwa cha kolamu. Mchanganyiko mpya uliouagiza unaweza kufika kwa sekunde chache kwenye pampu moja na kwa nusu dakika kwenye nyingine.

Upimeni. Ondoeni kolamu, weka kiungo kitupu, tia kafeini kidogo sana kwenye kiyeyusho B, endesha mbinu yenu mkiangalia m/z 195. Ishara itaanza kupanda ikiwa imechelewa kuliko programu inavyosema, na kucheleweka huko ukikuzidisha kwa mtiririko unapata ujazo. Kwa mililita 0.4 kwa dakika, nusu dakika ni mikrolita 200. Pima mashine zote mbili, kisha ongeza au punguza muda wa mwanzo kwenye mbinu mpya kufidia tofauti. Ukikumbuka kwamba mwongozo wa SANTE unaruhusu muda wa kutoka utofautiane na ule wa kiwango kwa dakika 0.1 tu, utaona kwa nini haifai kukisia.

Aflatoksini M1 ya maziwa na G1 ya nafaka zote zina ioni mama ya 329. Ioni binti ni tofauti (M1 hupimwa kwa 273, G1 kwa 243), lakini kwenye mbinu moja inayopima zote, dirisha la muda lililohama linaweza kumfanya mchambuzi aliyechoka aweke jina la moja kwenye kilele cha nyingine. Ingizeni kila sumu peke yake mara moja kwenye mfumo mpya kabla ya kuchanganya.

Vilele vimekuwa na mkia na vimetanuka. Kolamu imekufa?

Angalia nati na feruli kwanza. Urefu wa mrija unaotokeza mbele ya feruli haufanani kwa kampuni zote. Feruli ya chuma iliyobanwa kwenye kolamu ya Waters kisha ikahamishiwa kwenye kolamu ya kampuni nyingine inaweza kuacha uwazi mdogo ndani ya kiungo, au isikae kabisa ikavuja. Uwazi huo hauonekani kwa macho. Unachokiona ni aflatoksini nne (B1, B2, G1 na G2) zilizokuwa zimeachana vizuri sasa zikigusana miguuni. Chukua mrija mpya na feruli mpya, sukuma mrija hadi ugote mwisho huku unakaza. Viungo vya kukazwa kwa vidole vinavyojirekebisha urefu vina bei, ila vinaokoa kolamu.

Gesi tulizonazo zinatosha?

Hili liulizwe kabla ya kusaini mkataba. Anayetoka kwenye mfumo wa nitrojeni tupu akaingia kwenye unaohitaji argoni atahitaji mtungi, regyuleta yake na muuzaji anayetoa cheti cha usafi; argoni ya mafundi wa kuchomelea si lazima iwe na usafi unaotakiwa. Anayehamia SCIEX aulize mapema kuhusu hewa safi kavu pamoja na nitrojeni. Mtiririko wa nitrojeni unaotakiwa hutofautiana sana, na jenereta iliyotosha mashine ya zamani inaweza kushindwa na mpya. Shinikizo likiyumba mchana kila kompresa inapowaka, utalisoma kwenye mtawanyiko wa matokeo kabla hujalisoma kwenye geji.

Umeme nao: pimeni mzigo wa UPS pamoja na pampu ya vakyumu, si kompyuta na spektromita peke yake.

Programu mpya inatushinda. Tuanzie wapi?

Anzeni kwa kujua faili zinakaaje. Kwenye Analyst, mbinu moja ya upimaji hubeba pampu, chanzo cha ioni na mipito yote (jozi za ioni mama na ioni binti). Kwenye MassLynx ya Waters, mipangilio ya kromatografu, ya mipito na ya chanzo cha ioni hukaa kwenye faili tofauti zinazochaguliwa kila moja kwenye orodha ya sampuli. Aliyezoea mtindo wa kwanza anaweza kuendesha sampuli za wiki nzima kwa faili ya chanzo cha jana ya dawa nyingine, na mashine haitalalamika. Wekeni kanuni ya majina ya faili siku ya kwanza na iandikwe kwenye SOP (utaratibu wenu rasmi wa kazi).

Kisha muda wa kusikiliza kila mpito. Kilele cha sekunde 6 kinahitaji takriban nukta 12, maana yake mzunguko mmoja usizidi nusu sekunde. Kama mipito 50 inatoka pamoja, kila mmoja una milisekunde 10, na ukiondoa milisekunde 5 za kupumzika kati ya mipito, zinabaki 5 za kusikiliza. Programu nyingine hukupangia hili kimyakimya, nyingine inakuachia ulipange. Jua ya kwenu ni ipi.

Matokeo ya sampuli moja yanatofautiana kati ya programu mbili. Tuamini ipi?

Tafuteni chanzo kabla ya kuamini. Kanuni za kuchora msingi wa kilele si moja: TargetLynx ya Waters ina ApexTrack, MassHunter ya Agilent ina Agile2, Xcalibur ya Thermo ina Genesis na ICIS. Kwenye kilele kikubwa zote hukubaliana. Kwenye kilele kidogo chenye jirani, hapo karibu na kikomo, ndipo zinapoachana. Angalieni mambo manne: ulainishaji wa ishara, uzito wa grafu ya viwango (1/x au la), kama grafu inalazimishwa kupita sifuri, na uwiano wa ioni unahesabiwa ndogo kwa kubwa au kinyume chake. La mwisho huleta taharuki isiyo na sababu: asilimia 60 kwenye mashine moja ni 167 kwenye nyingine, na kemia haijabadilika.

Uwiano wenyewe kweli utabadilika kati ya kampuni. Usipeleke uwiano wa zamani kwenye mashine mpya. Uchukue upya kutoka kwa viwango vilivyopimwa siku hiyohiyo.

Kwa nini tujisumbue hivi? Tofauti ya asilimia kumi si kitu.

Kiwango cha Afrika Mashariki cha mahindi kinaruhusu aflatoksini B1 isiyozidi mikrogramu 5 kwa kilo na jumla isiyozidi 10. Shehena nyingi zenye utata huangukia hapohapo karibu na mstari, na asilimia kumi ndiyo inayoamua ziuzwe au ziteketezwe. Upande wa pili, mwaka 2004 mashariki mwa Kenya watu 317 waliugua kwa kula mahindi yenye sumukuvu na 125 wakafariki. Kipimo cha maabara ni moja ya milango michache iliyopo kati ya ghala na sufuria.

Tunatakiwa kuhakiki mbinu upya yote? Tuna ithibati ya ISO/IEC 17025 (kiwango cha kimataifa cha umahiri wa maabara).

Si lazima yote, lakini si hiari kufanya chochote. Kiwango cha 2017 kinataka kifaa kithibitishwe kabla ya kuanza kazi, na mbinu iliyohakikiwa ikibadilishwa, athari ya badiliko ipimwe. Kwa maoni yangu, kinachotosha kutetewa mbele ya mkaguzi ni hiki: kikomo cha upimaji, unyoofu wa grafu, urejeshaji na mtawanyiko kwa viwango viwili au zaidi, mabaki kutoka sampuli moja kwenda nyingine, na athari ya matriksi (vitu vingine vya sampuli vinavyobadilisha ishara). Hii ya mwisho msiiruke. Namna matriksi inavyozima ioni hutegemea chanzo, na dondoo la karanga lililozima asilimia 15 kwenye mashine ya zamani linaweza kuzima mara mbili ya hapo au lisizime kabisa. Kiwango cha ndani chenye kaboni 13 (aflatoksini B1 yenye kaboni zote 17 nzito, 330 kwenda 301) hufidia sehemu kubwa ya hilo. Ni ghali, lakini kukitumia wakati wa mpito ni matumizi mazuri ya fedha.

Wataarifuni mapema wanaowapa ithibati, iwe KENAS ya Kenya, SADCAS ya kusini mwa Afrika au mwingine, na pangeni raundi ya majaribio ya umahiri iangukie baada ya mashine mpya kutulia.

Mashine ya zamani iondoke lini?

Baada ya sampuli halisi, zilizochafuliwa na shamba na si za kuongezewa maabara, kupimwa kwenye zote mbili na kukubaliana. Wakala akisema anahitaji meza ileile, kataa au omba meza nyingine. Mlinganisho huu ukishapita huwezi kuurudia.

Kompyuta yake msiitupe. Faili ghafi za kampuni moja hazifunguki kwenye programu ya nyingine, na neno .raw linatumiwa na Waters kwa folda na Thermo kwa faili, vitu viwili visivyohusiana. Data ya SCIEX ina .wiff na .wiff.scan, ukinakili ya kwanza bila ya pili umenakili ganda. Msconvert ya ProteoWizard hugeuza nyingi kuwa mzML, muundo wa wazi, na Skyline ya Chuo Kikuu cha Washington husoma data za kampuni zote kubwa bila malipo. Lakini mzML haibebi mistari ya msingi mliyochora wala kumbukumbu ya nani alibadilisha nini. Kwa ajili ya ukaguzi, asili ibaki, pamoja na leseni na kompyuta inayoifungua, ikiwa nje ya mtandao.

Usafi na matengenezo vinatofautiana?

Sana. Kwenye Waters nyingi unafunga vali na kutoa koni bila kuvunja vakyumu. Kwenye TSQ mrija wa kupitishia ioni unatoka vilevile. Kwenye mashine nyingine kutoa kipande kama hicho kunamaanisha kuzima vakyumu na kusubiri hadi kesho. Jifunzeni hili kabla ya wiki yenye sampuli nyingi.

Na GC-MS (kromatografia ya gesi yenye spektromita ya tungamo)?

Rahisi zaidi. Elektroni za 70 eV huvunja molekuli kwa namna inayokaribiana kwenye mashine zote, ndiyo maana maktaba ya spektra ya NIST inatumika popote. Rekebisha kwa PFTBA (kemikali ya kurekebishia tungamo), angalia 69, 219 na 502, endelea. GC-MS/MS ni habari nyingine: huko nishati ya mgongano inatafutwa upya kama ilivyoelezwa juu.

Mchambuzi wetu mkongwe hataki kuigusa mashine mpya. Tufanyeje?

Mpeni yeye kazi ya kulinganisha mashine mbili. Anajua sampuli za karanga za msimu wa mvua zinavyokuwa, anajua kilele cha uongo kinachojitokeza karibu na G2, na ujuzi huo haumo kwenye mafunzo ya kampuni. Vijana watajifunza vitufe haraka, wakae naye. Na mafunzo ya fundi yagawanywe mara mbili kwenye mkataba: siku za kufunga mashine, kisha arudi miezi michache baadaye watu wakiwa na maswali yao wenyewe.

Kampuni ipi ni bora?

Kwa sumukuvu na viuatilifu, kwadrupoli tatu ya kisasa ya kampuni yoyote kati ya zilizotajwa inaweza kufanya kazi hiyo. Muulize wakala haya: fundi aliyefunzwa kwa modeli hii anakaa mji gani, pampu ya vakyumu ikifa kipuri kinatoka wapi na kinapita forodhani kwa siku ngapi, mkataba wa matengenezo wa mwaka wa pili ni shilingi ngapi, na maabara gani jirani inayo mashine hiyohiyo. Kisha ipigie simu maabara hiyo.